Kidole Kianze, Mkono Umalizie: Vidokezo vya Kucheza Gemu kwa Mwendo

Ingia kibanda chochote cha gemu, kiwe Genkuru, Nyamongo, Sirari au Mugumu, umtazame anayecheza mbio za magari. Gari likikata kona ya kushoto, mabega yake nayo yanakwenda kushoto. Pedi inainuka, inalala, inapinda mikononi mwake, ingawa gemu yenyewe inasikiliza kidole gumba tu. Mwili unataka kucheza. Zamani mashine hazikuwa na namna ya kuufuata mwili huo. Siku hizi zinaweza, tena vizuri sana. Kinachotukwamisha ni kwamba mara nyingi uwezo huo umezimwa kwenye mipangilio, au haumo kabisa kwenye kifaa tulichouziwa. Vidokezo hivi ni vya mura anayepokezana pedi kibandani, vya dada anayecheza kwa simu nyumbani, na vya mwenye kibanda anayepiga hesabu ya kuongeza mashine.

1. Vijue vihisi viwili, maana kazi zao ni tofauti

Ndani ya pedi au simu yenye uwezo wa kufuata mwendo kuna vihisi viwili vidogo kuliko ukucha. Cha kwanza ni akselerometa. Hiki hupima mchapuko, na kwa kuwa dunia inavuta vitu muda wote, kinajua daima chini ni wapi. Ndicho kinachogeuza picha unapolaza simu. Cha pili ni jairoskopu, au jairo kama wachezaji wanavyoiita. Hii hupima kifaa kinazunguka kwa kasi gani na kuelekea upande gani. Ndani yake mna kipande kidogo mno cha silikoni kinachotetemeka bila kupumzika. Ukikizungusha kifaa, kipande hicho kinasogea pembeni kidogo, na msogeo huo ndio unaopimwa.

Gemu ya kulaza simu kushoto na kulia, kama Temple Run ya mwaka 2011, inatosheka na akselerometa peke yake. Gemu ya kulenga shabaha inahitaji jairo. Ukielewa hapo, maneno mengi ya muuza simu utayapima mwenyewe.

2. Tofautisha kutikisa na kuelekeza

Nintendo ilipotoa Wii mwishoni mwa 2006, watu duniani walisimama sebuleni wakapiga tenisi kwa mkono ulioshika rimoti. Furaha ilikuwa kubwa, na mashine zaidi ya milioni 100 ziliuzwa. Lakini rimoti ile ya mwanzo ilikuwa na akselerometa na kamera ya kuona mwanga wa infraredi, bila jairo. Ilijua kwamba umepiga, na ilijua wakati uliopiga. Uso wa raketi umeelekea wapi, ilikisia tu. Wachezaji wajanja wakagundua kwamba unaweza kukaa kwenye kochi, ukatingisha kifundo cha mkono, na mpira ukavuka wavu vilevile.

Mwaka 2009 Nintendo ikaleta kipande cha kuchomeka chini ya rimoti, MotionPlus, chenye jairo ndani, pamoja na gemu ya Wii Sports Resort. Mchezo ukabadilika. Kwenye mapigano ya upanga, ukiinua mkono kwa mshazari, upanga nao unakaa mshazari, na mpinzani anayekinga kwa pembe isiyo sahihi anapigwa. Kwenye tenisi ya mezani ukalazimika kufikiria mzunguko wa mpira. Ustadi wa mkono ukaanza kulipa. Kwa hiyo ukiona gemu inataka utikise tu ili kitu kitokee, kitufe kingefanya kazi ileile na mapema zaidi. Ukiona gemu inajali pembe, hapo pana kitu cha kujifunza.

3. Kidole kianze, mkono umalizie

Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote.

Fikiria unalenga kwa analogi ya pedi. Ukiisukuma, huiambii mashine macho yaende wapi. Unaiambia yageuke kwa kasi gani. Lazima uiachie kwa wakati hasa ambao shabaha imefika katikati. Ukichelewa kidogo tu umeipita, unarudi, umeipita tena. Ndiyo maana gemu nyingi za risasi humsaidia mchezaji wa pedi kimyakimya, kwa kuivuta nishani, yaani alama ya kulengea, kuelekea adui.

Jairo inafanya kazi kwa namna nyingine. Ukigeuza mkono kidogo, macho yanageuka kidogo, ukisimama, yanasimama. Hakuna cha kuachia kwa wakati. Kifundo cha mkono, ambacho umekitumia tangu utotoni kurusha mawe na kushika kalamu, tayari kina usahihi ambao kidole gumba kitatafuta kwa muda mrefu.

Kosa la wanaoanza ni kutaka jairo ifanye kila kitu. Wanazunguka na kiti, wanainua viwiko, pedi inagonga kifua. Gawanya kazi. Mzunguko mkubwa, kama kumtazama adui aliye nyuma, kiachie kidole gumba. Nukta ya mwisho, kutoka begani mwa adui hadi kichwani, uupe mkono. Viwiko vikae mapajani au mezani, na mwendo utoke kwenye kifundo. Mtu anayecheza hivi vizuri utadhani hafanyi chochote. Ukimsogelea ndipo utaona pedi inatikisika kwa kiasi cha upana wa kidole.

Splatoon, iliyotoka kwenye Wii U mwaka 2015, ndiyo iliyowafundisha wengi njia hii. Fortnite nayo iliongeza mipangilio mizito ya jairo mwaka 2022. Kwa pedi za PlayStation, God of War Ragnarök inaruhusu kulenga hivyo, ila lazima uingie kwenye mipangilio ukaiwashe.

4. Ichunguze simu kabla ya kulipa

Kwa wengi wetu huku Tarime na Serengeti, kihisi cha mwendo cha kwanza kukishika kiko kwenye simu, na mashine ya bei kubwa huenda tusiwe nayo kabisa. Hapo ndipo pa kuwa makini, kwa sababu simu nyingi za bei nafuu zina akselerometa bila jairo. Picha itageuka, Temple Run itacheza, nawe utaamini kila kitu kimo.

Dukani, kabla hujatoa pesa, omba kupakua programu ya bure ya CPU-Z na ufungue ukurasa wa vihisi. Tafuta jairoskopu, kisha izungushe simu uone kama namba zake zinakwenda. Angalia pia jina lake: baadhi ya simu huandika jairo ya kuigiza, yaani hesabu inayopigwa kutokana na akselerometa na dira. Inafanya kazi, ila huchelewa, na kwenye gemu ya risasi kuchelewa kidogo ni kufa. Muuzaji akikataa usijaribu, nenda duka la pili.

5. Anza na skopu, usianze na kila kitu

PUBG Mobile inakupa hali tatu: jairo izimwe, ifanye kazi ukiwa kwenye skopu (darubini ya bunduki) tu, au iwe wazi muda wote. Anza na ya skopu. Mkono utajifunza jambo moja kwa wakati, na ukitembea kawaida picha haitayumba kila unapokohoa.

Kisha uende uwanja wa mazoezi wa gemu hiyohiyo, uchukue bunduki moja, ufyatue ukutani. Mtutu utapanda. Badala ya kuvuta kwa kidole, sukuma ukingo wa juu wa simu mbele kidogo wakati risasi zinatoka. Tazama alama ukutani. Zikipanda bado, ongeza hisia ya jairo, zikishuka, punguza. Gemu hii ina namba ya hisia kwa kila skopu, kwa hiyo usinakili zote kutoka kwa mchezaji maarufu. Mikono yake na simu yake si vyako. Ukishapata namba zinazokufaa, usiziguse kwa muda. Mkono unajifunza kwa kurudia, na anayebadilisha namba kila jioni anaanza upya kila jioni.

Zingatia pia kava la simu. Kava linaloteleza humfanya mtu akaze vidole, na mkono uliokazwa hautetemeki tu, unachoka.

6. Ndani ya gari, izime

Jairo haijui kama aliyezunguka ni wewe au Probox uliyopanda. Ukicheza ukiwa njiani kati ya Tarime na Mugumu, kila kona ya barabara inaingia kwenye gemu kama umegeuza mkono, na kila shimo linaongeza lake. Ukiona nishani inakimbia yenyewe safarini, simu haijaharibika.

7. Nishani ikitambaa yenyewe, tafuta utulivu kwanza

Jairo ina udhaifu wa kuzaliwa nao: inajumlisha mizunguko, na kila kosa dogo linaongezwa juu ya lililotangulia, kama mtu anayetembea gizani kwa kuhesabu hatua. Ndiyo maana vifaa vizuri huiruhusu akselerometa iisahihishe kila mara kwa kuikumbusha chini ni wapi.

Ikitambaa hata hivyo, laza kifaa juu ya meza iliyotulia na uanze upya gemu au usahihishe vihisi kwenye mipangilio. Meza iliyotulia maana yake meza isiyo na spika. Kibandani mara nyingi pedi huwekwa pembeni ya spika inayopiga muziki, na mtetemo ule wote unapimwa. Kwenye pedi ya DualShock 4 kuna tundu dogo la kurejesha mipangilio ya kiwandani, mgongoni karibu na L2. Chomeka ncha ya sindano, ubonyeze kwa sekunde chache, kisha uiunganishe na mashine kwa waya.

8. Pedi ya kuiga ipimwe hapo hapo

Sony ilianza kuweka vihisi vya mwendo kwenye pedi mwaka 2006, ikiwa na PlayStation 3, lakini jairo ile ilipima mhimili mmoja tu. DualShock 4 ya mwaka 2013 ndiyo iliyoleta mihimili mitatu kamili, na DualSense ya 2020 ikaendelea hapo. Sasa pedi za kuiga zimejaa sokoni, na zipo ambazo hazina kihisi ndani ingawa kwa nje zimefanana mno na za asili.

Jaribio ni rahisi kama muuzaji ana PS4 ya kujaribia. Fungua sehemu yoyote ya kuandika maneno ili kibodi itokee kwenye skrini, bonyeza R3, kisha inamisha pedi huku na huku. Ikiwa nzima, utachagua herufi kwa kuielekeza tu. Isipotii, ama kihisi kimekufa au hakijawahi kuwemo.

Pedi za kawaida za Xbox, kuanzia ya 360 hadi za Series, hazina jairo hata kidogo. Usimlaumu fundi.

9. Kwa mwenye kibanda: nafasi kwanza, mashine baadaye

Mtu akikuletea Kinect ya Xbox 360 kwa bei ya kuvutia, pima chumba. Inataka mchezaji mmoja asimame takribani mita 1.8 kutoka kwenye kamera, na wawili wanahitaji zaidi. Kibanda chenye mabenchi mawili na umati nyuma hakitaiweza. Microsoft nayo ilithibitisha mwaka 2017 kwamba imeacha kutengeneza Kinect, hivyo spea ni shida.

Ukipata Wii iliyotumika, kamba ya mkononi si pambo. Desemba 2006 Nintendo ilijitolea kubadilisha kamba zipatazo milioni 3.2 kwa sababu zilikuwa zikikatika, na rimoti zikichomoka mikononi na kuruka. Ukisikia kijana anafurahia kupita kiasi mbele ya televisheni yako, mwambie, "Mura, vaa kamba kwanza."

10. Uliza gemu kabla ya kuuliza pedi

Vibandani mpira ndio mfalme, na kwenye gemu za mpira jairo haikupi chochote: pasi, chenga na shuti vyote vinatoka kwenye vitufe na analogi. Kama hizo ndizo unazocheza, usiongeze hata shilingi mia kwa sababu ya vihisi vya mwendo. Tafuta pedi yenye analogi imara na betri inayokaa na chaji. Lakini kama unacheza gemu za kulenga, iwe kwa simu au kwa mashine, jairo ndiyo ya kuulizia kwanza dukani, kabla ya kamera na kabla ya rangi. Iwashe leo kwenye skopu, na uupe mkono wako wiki kadhaa za kujifunza kabla hujaamua kwamba haikufai.