Shriram Lagoo: daktari wa koo kwenye jukwaa la Kimarathi

Mchezo wa kuigiza ukitoka lugha moja kwenda nyingine, kinachopaswa kuvuka ni maneno au hali ya mtu? Swali hili la masomo yetu ya tafsiri nalitazama kupitia maisha ya mwigizaji mmoja wa Kimarathi.

Shriram Lagoo alizaliwa Satara, magharibi mwa India, mwaka 1927. Alisomea udaktari mjini Pune, akawa mpasuaji wa masikio, pua na koo. Katika miaka ya 1960 alifanya kazi hiyo Tabora, Tanzania. Udaktari ulikuwa na heshima na riziki ya uhakika. Jukwaa halikumwahidi kitu. Hata hivyo, mwaka 1969, akiwa ameshapita miaka arobaini, aliishika sanaa moja kwa moja.

Mwaka 1970 aliigiza Ganpat Belwalkar katika Natsamrat, yaani Mfalme wa Waigizaji. Mwandishi wake, V. V. Shirwadkar, alianzia kwenye King Lear ya Shakespeare, lakini hakuitafsiri. Lear ni mfalme anayewagawia binti zake nchi. Belwalkar ni mwigizaji mstaafu anayewagawia watoto wake mali, kisha anakosa pa kuishi. Ufalme umeachwa, uchungu wa mzazi umevuka.

Ndivyo ilivyo pia katika filamu ya Pinjra (1972) ya V. Shantaram, iliyotokana na filamu ya Kijerumani ya mwaka 1930. Lagoo ni mwalimu mwadilifu anayeangushwa na mapenzi kwa mcheza ngoma wa tamasha. Tamasha ni sanaa ya jukwaani ya Wamarathi, na neno hilo sisi pia tunalo: asili yake ni Kiarabu.

Tulinganishe na Julius Nyerere, aliyesoma Tabora na kutoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Yeye alifuata matini, na Venisi ikabaki Venisi. Njia yake inapima uwezo wa lugha. Njia ya Shirwadkar inapima kama watazamaji wanajiona ndani ya mchezo. Kwa maoni yangu, tafsiri hutangulia, lakini jukwaa haliishi kwa tafsiri peke yake.

Lagoo alifariki Pune mwaka 2019. Swali analotuachia ni la kazi: Lear akizungumza Kiswahili cha Lubumbashi, atakuwa nani? Mimi namwona mstaafu wa mgodi, nyumba yake ikigawanywa naye yungali hai. Ninyi je?