Vyombo vya Kupimia Ziwa na Watu Wanaovitumia

Ziwa Viktoria ni ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 68,800, na mahali penye kina kirefu hufikia kama meta 80. Wakazi wa mji wa Bukoba, kama wale wa kata ya Bilele, na wakazi wa visiwa vya Muleba, kama vile Goziba, hupata samaki na njia ya kusafiria kutokana na ziwa hilo. Lakini ziwa lina hatari zake. Imepata kukadiriwa kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa maji humo kila mwaka.

Dhoruba za usiku

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Usiku nchi kavu hupoa upesi, bali maji hubaki na joto. Kwa hiyo usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Pepo za pande zote hukutana juu ya ziwa. Hewa yenye unyevu hupanda, hupoa, na kufanya mawingu ya mvua na radi. Saa hizo ndizo ambazo wavuvi wa dagaa huwa kazini na taa zao.

Vyombo vya kupimia

Kipimaupepo huonyesha kasi ya upepo. Barometa huonyesha kanieneo ya hewa. Rada, kama ile iliyoko Mwanza, hutambua mvua iliyo mbali. Boya huelea juu ya maji likichukua vipimio vya joto, mawimbi au oksijeni.

Mtengenezaji na mtumiaji

Mtengenezaji wa kipimio huenda anaishi mbali na ziwa. Anajua umeme na vyuma, lakini huenda hajui jinsi ukoga unavyoota juu ya chombo kikaacha kupima sawasawa. Tena, kipimio cha oksijeni kilichowekwa sawa kwa maji ya chumvi ya bahari lazima kirekebishwe ndipo kitumike katika maji baridi ya ziwa. Mambo haya mtumiaji huyaona kila siku. Asipoyasema, mtengenezaji hatayajua.

Mwaka 2017 Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, zilianza mradi ulioitwa HIGHWAY. Uingereza iliugharimia. Wataalamu walizungumza na wavuvi na wasafiri wa ziwani ili wajue ni habari gani wanazozihitaji. Mvuvi hahitaji hesabu ndefu za kanieneo ya hewa. Anataka kujua kama mawimbi yatakuwa makubwa, wapi, na saa ngapi. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo, mawimbi na mvua kwa ajili ya watumiaji wa ziwa. Kipimo kisichomfikia mvuvi kabla hajasukuma mtumbwi hakimwokoi.

Jaribio

Mwaka 1865 Angelo Secchi, padri na mwanasayansi wa Italia, alitumia kisahani kupima jinsi maji yalivyo maangavu. Gawanyikeni makundi mawili.

1. Kundi la kwanza: Pakeni mfuniko wa kopo rangi nyeusi na nyeupe. Fungeni jiwe chini yake na kamba juu yake. Tieni alama kwenye kamba kila baada ya sentimeta 10.
2. Kundi la pili: Jazeni pipa maji yaliyovurugwa kwa udongo. Teremsheni kisahani mpaka kisionekane. Someni alama bila kuelezwa lolote.
3. Je, mlipima kuanzia ukingo wa pipa au uso wa maji? Waelezeni watengenezaji yaliyowatatiza.
4. Kirekebisheni chombo, kisha mpime tena.

Angalieni: Msifanye jaribio hili ziwani.

Maswali

1. Kwa nini dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku?
2. Taja mambo mawili ambayo mtumiaji anaweza kumweleza mtengenezaji wa kipimio.
3. Mwulizeni mvuvi au msafiri wa ziwani: angependa kupimiwa nini kabla ya safari? Andikeni jibu lake.