Kompyuta Inapoganda Mara kwa Mara

Kompyuta yetu ya nyumbani Nakivale ilikuwa ikiganda ghafla. Fundi mmoja wa Mbarara alinishauri ninunue nyingine.

Kwanza nilinakili utafiti wangu kwenye flashi. Kisha niliandika daftarini saa ya kila mgando na programu zilizokuwa wazi. Baada ya wiki nikaona: huganda mchana wa jua kali tu, asubuhi kamwe. Hiyo ni dalili ya joto. Nikaizima, nikachomoa waya, nikaifungua: feni ilizibwa na vumbi la kiangazi. Nililisafisha kwa brashi kavu. Tangu hapo haijaganda.

Ingeganda hata ikiwa baridi, ningepima memori, kisha diski. Rekebisha kimoja kimoja. Ukigusa vyote pamoja, hutajua chanzo.