Ushuru wa Gesti: Nani Analipa?



Masumbwe ipo kwenye barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo, hadi mpaka wa Rwanda. Madereva wa malori wanalala hapa. Wachimbaji na wanunuzi wa dhahabu nao wanalala hapa. Mara nyingine analala mgeni kutoka ng'ambo. Leo tujifunze juu ya fedha wanazolipa.

Mgeni akilipia chumba, si zote ni mali ya mwenye gesti. Ndani yake umo ushuru wa halmashauri, na kwetu ni Halmashauri ya Wilaya ya Mbogwe. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kukusanya ushuru. Anayelipa ni mgeni. Mwenye gesti anautunza tu, kisha anaupeleka.

Tufanye hesabu

Tuchukue kiwango cha mfano tu, shilingi 10 katika kila shilingi 100. Chumba ni shilingi 15,000. Ushuru wake ni shilingi 1,500. Wakilala wageni 8, ni shilingi 12,000 kwa usiku mmoja. Kwa siku 30 ni shilingi 360,000.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Fedha zimo kwenye droo, basi zinanunua mashuka, soda na sabuni. Mkusanyaji akifika, hamna kitu! Mwenye gesti analalamika kuwa anaonewa, kumbe amekula fedha za watu. Dawa yake ni daftari. Kila usiku andika tarehe, chumba, bei na ushuru. Fedha za ushuru ziweke mbali.

Mgeni wa ng'ambo

Je, mgeni wa ng'ambo alipe zaidi? Zipo sehemu ambako sheria inasema hivyo. Zanzibar, mtalii wa nje hutozwa hotelini kodi ya miundombinu, dola 5 kwa kila mtu, kila usiku. Mume na mke wakilala siku 7 wanalipa 2 × 7 × 5, yaani dola 70, mbali na bei ya chumba.

Lakini kodi hiyo ni ya Zanzibar. Hapa usimwone Mzungu au Mchina ukamtungia "ushuru wa wageni". Bei ya chumba ni mapatano, lakini ushuru hautungwi mezani. Tena, tangu tarehe 28 Machi 2025, kanuni zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo taja bei kwa shilingi.

Dai stakabadhi

Mgeni, mwambie mhudumu, "Dada, naomba risiti yangu." Mhudumu naye asione haya kuiandika. Wewe mhudumu unayejua kusoma, kalamu ni ngao yako: fedha zikipotea, daftari litakutetea. Na wewe mwenye gesti ukipeleka ushuru, dai stakabadhi ya halmashauri. Bila karatasi hiyo, huna ushahidi kwamba umelipa, wala mwananchi hawezi kuuliza zahanati yake imepata nini.

Maswali ya kujadili

1. Chumba ni shilingi 20,000. Kwa kiwango cha mfano wetu, ushuru ni kiasi gani?
2. Kwa nini ushuru usichanganywe na fedha za matumizi?
3. Ulizeni ofisi ya kata: kiwango halisi cha gesti za kwenu ni kipi?