Mgonjwa Akiumia Mikononi Mwetu, Nani Atajibu?

Wengi katika vikundi vya kutembelea wagonjwa hufikiri hivi: mimi ninajitolea, silipwi hata senti, basi nani atanishtaki? Katika somo hili tutaona kwamba sheria ya Kenya haianzi kwa kuuliza kama ulilipwa. Inauliza kama ulikuwa na wajibu wa kumtunza yule mgonjwa, kama ulikosa uangalifu unaotazamiwa, na kama madhara yametokana na hapo. Yote matatu yakithibitishwa, huo ni uzembe, na mgonjwa anaweza kudai fidia mahakamani. Kwa kawaida ana miaka 3 ya kufungua kesi.

Tuchukue mfano wa mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Mhudumu anamwekea mguuni chupa ya maji ya moto ili “damu itembee”. Mzee kimya. Kumbe ule mguu hauna hisia, na jioni binti yake anakuta ngozi imebabuka. Hapo kusema “hakulalamika” hakusaidii kitu, maana ilikuwa kazi ya mhudumu kujua kwanza kama mguu unasikia moto. Na ule mkono uliolegea, usimvute nao ili aketi. Bega linaweza kuteguka. Watu wenye roho nzuri kabisa hufanya hivyo kila siku.

Tiba ya viungo ina wenyewe. Tangu Sheria ya Wafiziotherapia ya 2014, anayeifanya kama kazi lazima awe ameandikishwa na ana leseni. Mhudumu wa kikundi aweza kurudia zoezi alilofundishwa na mtaalamu huyo, kwa mgonjwa yule yule, kwa namna ile ile. Lakini kumpelekea jirani zoezi hilo kwa sababu “ugonjwa ni mmoja”, hapo umevuka mpaka.

Viongozi nao wasikae wakidhani haya ni ya mhudumu peke yake. Aliyemtuma anaweza kushtakiwa pamoja naye, na wakili atauliza: mlimfundisha nini, lini, na nani alimkagua?

Sasa daftari. Hapa ndipo vikundi vingi hulegea. “Mgonjwa anaendelea vizuri” ni maneno matupu. Andika hivi: “Saa 4 asubuhi. Nimemgeuza upande wa kushoto. Ngozi ya nyonga ya kulia imekuwa nyeusi zaidi na ina joto. Nimemwambia mkewe. Saa 4 na nusu nimempigia simu nesi wa zahanati.” Kisha tia sahihi. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika sahihi na tarehe kando. Kufuta kwa ile rangi nyeupe kunaonekana kama kuficha, hata kama ulikuwa unasahihisha tahajia tu! Na daftari lifungiwe. Si la kusomwa mkutanoni.

Kazi ya kikundi: Kila mmoja aandike ziara yake ya mwisho bila jina la mgonjwa wala kijiji. Badilishaneni karatasi. Mwenzako aeleze, kwa kusoma tu, ulifanya nini, saa ngapi, na nani aliarifiwa.