Vitambua Moshi Ndani ya Njia za Hewa: Mwongozo kwa Mafundi na Wasimamizi wa Majengo

Mwongozo huu unawahusu mafundi wa viyoyozi, mafundi wa mifumo ya moto na wasimamizi wa majengo ambayo hewa yake husambazwa kwa njia za bati, yaani dakti: hoteli, hospitali, maduka makubwa, viwanja vya ndege na maghorofa ya ofisi. Jengo linalotumia viyoyozi vya ukutani, kila chumba na chake, halina njia ya pamoja ya hewa, kwa hiyo halihusiki hapa.

Feni ya mashine kuu ya hewa haichagui inachosukuma. Moshi ukiingia kwenye njia ya kurudishia hewa katika ghorofa ya pili, mashine itauvuta, itauchanganya na hewa ya nje kidogo, kisha itaugawa kwa kila ghorofa inayoihudumia. Tarehe 21 Novemba 1980 moto ulizuka asubuhi kwenye mgahawa wa hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, Marekani. Watu 85 walikufa, na wengi wao walikutwa ghorofa za juu za mnara wa vyumba, ambako moto wenyewe haukufika. Moshi ndio uliowafuata huko, kwa kupitia ngazi, mashimo ya lifti, nafasi za maungio ya jengo na mfumo wa hewa. Kitambua moshi cha njia ya hewa huwekwa kwa ajili ya kuifunga njia hiyo ya mwisho. Kikikuta moshi kwenye mkondo wa hewa, kinazima feni, kinafunga damperi na kupeleka taarifa kwenye paneli ya moto.

Kwa sababu hiyo kisichukuliwe kuwa badala ya vitambua moshi vya vyumbani. Hewa ya vyumba kumi ikikutana kwenye njia moja, moshi wa chumba kimoja hupungua makali kabla haujafika kwenye kifaa. Tena usiku mashine ikizimwa hewa haitembei, na kifaa hakioni chochote. Msimamizi anayeondoa vitambua moshi vya vyumbani ili kupunguza gharama, kwa hoja kwamba dakti ina chake, amewaacha watu waliolala bila ulinzi.

Hewa inavyofika kwenye kifaa

Kifaa kina kasha linalokaa nje ya dakti na mirija miwili inayoingia ndani. Mrija wa kuingizia hewa una matundu yanayotazama upepo unakotoka. Mrija wa kutolea mdomo wake unaupa upepo mgongo. Tofauti ya shinikizo kati ya mirija hiyo ndiyo inayosukuma hewa kidogo kupita ndani ya kasha, mbele ya chemba yenye mwanga. Chembe za moshi zikiingia, mwanga hutawanyika, na kifaa hutoa ishara. Hakuna pampu wala feni ndogo ndani yake. Shinikizo lisipotosha, hewa haipiti.

Hapo ndipo mafundi wengi hudanganyika. Taa ya kijani inathibitisha kwamba kuna umeme. Haithibitishi kwamba hewa inaingia kwenye kasha, wala kwamba feni itasimama. Mambo hayo mawili hupimwa na kushuhudiwa, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuyathibitisha.

Kuchagua mahali

Kiwango cha Marekani cha NFPA 90A kinataka kitambua moshi kwenye upande wa kupeleka hewa pale mfumo unapozidi lita 944 kwa sekunde, kikae baada ya filta na kabla ya tawi la kwanza. Kikae baada ya filta kwa sababu filta iliyojaa vumbi yenyewe huweza kushika moto, na mkanda wa feni ukiteleza hutoa moshi mzito. Kwa upande wa kurudisha, mfumo unaozidi lita 7,080 kwa sekunde na kuhudumia zaidi ya ghorofa moja unahitaji kifaa katika kila ghorofa, kabla hewa haijaungana na ya ghorofa nyingine na kabla ya kuchanganyika na hewa ya nje. Katika Afrika Mashariki wapo pia wahandisi wanaosanifu kwa viwango vya Uingereza na Ulaya, ambako kifaa chenyewe hupimwa kwa EN 54-27. Fundi asichanganye viwango viwili katika jengo moja. Afuate mchoro ulioidhinishwa.

Hewa inayotoka kwenye kona au kwenye feni huwa imevurugika, na sehemu moja ya dakti hupata upepo mwingi huku nyingine ikikosa. Desturi nzuri ni kukaa umbali wa mara sita ya upana wa dakti baada ya kona. Juu ya dari za majengo mengi ya mjini nafasi hiyo haipatikani, kwani dakti inapinda kukwepa boriti, bomba la maji na trei ya nyaya ndani ya mita chache. Hapo fundi apime shinikizo katika sehemu mbili tatu kabla ya kutoboa matundu ya kudumu, kisha achague penye kipimo kizuri.

Mwendo wa hewa nao upimwe. Vifaa vingi vya sasa hufanya kazi kati ya mita 0.5 na 20 kwa sekunde, ila baadhi ya vile vya zamani huhitaji kuanzia mita 1.5. Mashine inayopunguza kasi yake usiku inaweza kushuka chini ya kiwango hicho, kwa hiyo kipimo kichukuliwe mashine ikiwa kwenye kasi yake ya chini.

Mahali pafikike. Kifaa kilichofungwa juu ya dari ya jipsamu isiyo na mlango wa ukaguzi hakitasafishwa. Mlango uwepo chini yake, uwe na alama, na taa ya kuonyesha pamoja na swichi ya majaribio vishushwe ukutani mahali mtu anaposimama bila ngazi.

Njia ya kutolea moshi wa jiko la hoteli si mahali pa kifaa hiki, kwani mafuta yataua chemba ndani ya muda mfupi. Feni za kutoa moshi wakati wa moto na zile za kujaza hewa kwenye ngazi za dharura zisiunganishwe na mantiki hii ya kuzima. Hizo zinatakiwa kufanya kazi moto unapowaka, na udhibiti wake hufuata usanifu wa mhandisi wa moto peke yake.

Kufunga

Kabla ya kutoboa, tafuta mshale kwenye kasha na uulinganishe na mwelekeo halisi wa hewa. Usiutegemee mchoro peke yake. Washa feni, fungua tundu dogo la kupimia na uhakikishe. Kifaa chenye mrija uliogeuzwa kina umeme, kina taa, na hakichoti hewa ipasavyo.

Mrija wa kuingizia uchaguliwe kwa upana wa dakti, ufike karibu na ukuta wa pili. Ukizidi sentimita 90 hivi, ncha yake ishikizwe upande wa pili, la sivyo utatikisika hadi ulegee kwenye kasha. Ncha hiyo lazima iwe na kizibo. Kizibo ni kipande kidogo cha mpira au plastiki kinachobaki kwenye mfuko baada ya kazi na kutupwa pamoja na makaratasi, na kikikosekana hewa huingia kwa mdomo wa mrija badala ya matundu yake, na kipimo hakina maana tena.

Kingo za tundu kwenye bati zisuguliwe, na nafasi kuzunguka mirija izibwe. Kwenye njia ya kurudishia jambo hili lina uzito zaidi. Huko shinikizo la ndani ni dogo kuliko la juu ya dari, hivyo kila upenyo hunyonya hewa ya dari hadi ndani ya kasha, na sampuli inayofika kwenye chemba inakuwa imechujuka. Mpira wa kifuniko ukae sawasawa na skrubu zote zirudishwe.

Dar es Salaam, Mombasa, Tanga na Zanzibar zina tatizo lao. Hewa ndani ya dakti ni baridi, na iliyo juu ya dari ni ya joto na unyevu mwingi. Kasha linalogusa bati lisilofunikwa hutoa jasho, maji huingia kwenye sehemu za kufungia waya, na baada ya miezi kutu ya kijani huonekana kwenye shaba. Sponji ya kuzuia joto ikatwe kwa usafi kuzunguka kasha na kuzibwa tena hadi ukingoni, na waya uingie kwa chini ukiwa na mkunjo wa kudondoshea maji.

Kuunganisha na feni

Rilei ya kifaa iwekwe mfululizo na koili ya kontakta, kwa namna ambayo waya ukikatika feni isimame. Kisha fundi aende kwenye stata na kuiangalia swichi ya kuchagua. Majengo mengi yana swichi yenye nafasi ya kujiendesha na nafasi ya mkono. Kifaa kikiunganishwa kwenye mstari wa kujiendesha tu, siku atakapotokea fundi wa zamu akaigeuza swichi kwenda kwenye mkono kwa sababu mfumo wa kompyuta unasumbua, ulinzi wote unaondoka na hakuna kengele itakayosema. Kizuizi kifanye kazi katika nafasi zote mbili. Vivyo hivyo kwa mota yenye kidhibiti kasi: isimame pia inapoendeshwa kwa njia ya kukipita kidhibiti hicho.

Baada ya ishara ya moshi, feni isirudi kuwaka yenyewe hadi mtu aikague na kuirejesha kwa mkono. Kukatika kwa umeme kunahusika hapa. Vifaa vingi vinavyojitegemea hupoteza kumbukumbu ya ishara umeme wao unapokatika. Kama kifaa na mashine vinatumia laini moja, umeme ukienda na jenereta ikashika, feni inaweza kuwaka tena huku moshi bado umo. Kifaa kipewe umeme na paneli ya moto yenye betri zake.

Damperi zifungwe kwa springi umeme unapoondoka, na feni isianze kabla hazijafunguka zote. Feni kubwa ikisukuma kwenye damperi iliyofungwa, inaweza kukunja bati.

Kupima

Sumaku au swichi ya majaribio hupima saketi. Moshi wa kopo ulioidhinishwa na mtengenezaji, ukiingizwa kwenye kasha, hupima chemba. Manomita, ikiunganishwa kati ya mirija miwili huku feni ikizunguka, hupima kama hewa inapita. Vifaa vingi hutaka tofauti isiyopungua paskali 2.5, na kiwango cha juu kimeandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Kipimo cha nne hakina chombo: mtu asimame mbele ya mashine aone feni imesimama, na mwingine aone damperi zimefungwa. Ishara kwenye paneli haitoshi. Jaribio lisiloshuhudiwa kwenye feni lisiandikwe kuwa limefaulu.

Usitumie sigara, ubani wala karatasi inayowaka. Lami yake hubaki kwenye chemba na kubadilisha usikivu.

NFPA 72 inataka ukaguzi wa macho kila miezi sita, jaribio la utendaji kila mwaka, na kupima usikivu ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili. Matokeo yakiwa mazuri, muda huo unaweza kurefushwa hadi miaka mitano. Kiwango cha Uingereza cha BS 5839-1 kinataka mfumo uhudumiwe angalau kila miezi sita, na kila kifaa kiwe kimejaribiwa ndani ya miezi 12. Kwa maoni yangu, jengo lililo kando ya barabara ya vumbi, au lililo karibu na bahari, lisafishiwe vifaa kila miezi mitatu.

Wakati wa kusafisha, toa taarifa kwa chumba cha ulinzi, toa kichwa cha kifaa kwanza, ndipo upulize mirija kwa hewa ya kompresa. Ukipuliza kichwa kikiwa ndani, vumbi lote la mrija linaishia kwenye chemba. Kichwa kifyonzwe vumbi kwa mashine, wavu usafishwe kwa brashi laini, na shinikizo lipimwe upya kila baada ya kurudisha kifuniko.

Kengele za uongo na waya wa daraja

Kengele ya uongo ina chanzo, na chanzo kitafutwe. Katika miji yetu kimojawapo kinachojirudia ni bomba la moshi la jenereta lililo karibu na tundu la kuingizia hewa ya nje: kengele hulia dakika chache baada ya umeme kukatika, siku zote. Dawa ni kuhamisha bomba au tundu. Vingine ni kuchoma taka nyuma ya jengo, dawa ya mbu inayofukizwa jioni, na vumbi la jipsamu wakati mpangaji mpya anapokarabati ofisi. Kwa ukarabati, mashine izimwe au vifaa vifunikwe kwa kibali kilichoandikwa jina la atakayevifunua na siku ya kuvifunua, na mlinzi azunguke eneo hilo muda wote huo.

Kuna waya mfupi ambao mkaguzi anapaswa kuutafuta kila anapofungua kasha au stata: kipande cha sentimita tano hivi, kimeunganisha sehemu mbili ambazo rilei ilitakiwa kuzitenganisha. Aliyekiweka alichoshwa na kengele, akakusudia kurudi kesho. Kikiwepo, mfumo huo hauna ulinzi, na msimamizi aarifiwe kwa maandishi siku hiyohiyo. Kwa Tanzania, usalama wa moto katika majengo unasimamiwa chini ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na ule wa mahali pa kazi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Fundi aliyeuona waya huo akanyamaza amejiingiza kwenye lawama.

Daftari

Kila kifaa kiwe na ukurasa wake: namba yake kwenye paneli, mashine kinayoizima, damperi kinazozifunga, na shinikizo lililopimwa siku ya kukabidhi jengo. Kipimo hicho cha kwanza ndicho cha kulinganishia miaka yote. Kikiwa paskali 40 siku ya kwanza na 15 mwaka unaofuata, kifaa bado kinapita mtihani, lakini kuna kitu kimebadilika: filta imejaa, mkanda wa feni umelegea, matundu ya mrija yameziba, au mtu ameongeza tawi jipya kwenye dakti bila kumwambia yeyote. Anza na filta, kwa kuwa ndiyo rahisi, kisha fungua mirija, na mwisho fuatilia dakti yenyewe ukiwa na mchoro mkononi.