Moto hauondoi sumu ya njugu na mahindi

Soko la mtaa lina faida nyingi. Mkulima huleta mazao yake mwenyewe, mnunuzi humwuliza yalivunwa lini, na bei huwa nafuu. Hata hivyo, gorogoro ya mahindi au mkebe wa siagi ya njugu waweza kuwa na sumu isiyoonekana kwa macho.

Sumu hiyo huitwa aflatoksini. Hutokana na kuvu inayoota kwenye nafaka na njugu karanga ambazo hazikukauka vyema. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki nchini baada ya kula mahindi yenye sumu hii, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui.

Wengi hudhani kwamba moto humaliza kila kitu. Sivyo. Kuvu hufa katika sufuria, lakini sumu iliyokwisha kuingia katika punje hubaki kwenye ugali, uji na githeri. Kukaanga njugu pia hakuimalizi.

Madhara yake
Sumu hii hushambulia ini. Ikiwa nyingi, mgonjwa hutapika, huumwa na tumbo na macho hugeuka manjano. Dalili hizi zikitokea, mpeleke hospitalini mara moja. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kuleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Ufanye nini?
Nunua njugu nzima, uzichambue, kisha usagiwe ukiona. Njugu mbovu zikishasagwa haziwezi kutambulika tena.

Tupa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Usiwape kuku wala ng'ombe, kwani ng'ombe akila chakula chenye sumu hii, sehemu yake hutokea katika maziwa.

Pima unyevu wa mahindi nyumbani. Jaza mahindi thuluthi moja ya chupa kavu ya kioo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika chache. Iache kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, na yafaa kuanikwa tena kabla ya kuwekwa. Kumbuka kwamba kipimo hiki huonyesha unyevu tu, wala si sumu.

Kuchambua hupunguza hatari lakini hakuiondoi yote. Kwa hivyo usitegemee mahindi kila siku. Badilisha kwa viazi, ndizi au mihogo.

Nawe mwuzaji, anika mazao juu ya turubai, si juu ya udongo, na uweke magunia juu ya mbao. Mnunuzi akiuliza ulivyoyakausha, mjibu bila kuchukizwa. Anailinda jamaa yake.